Kufunga diski ya kadi ya CF kwenye laptopu ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mwenye laptopu ya mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2006 hivi, ambayo bado ni nzima ila diski yake inagonga tik-tik, inachelewa kuwaka au imekufa kabisa. Diski mpya za aina hiyo hazitengenezwi tena, na zilizotumika zinazouzwa Kariakoo mara nyingi zimechoka kama hiyo unayotaka kuitoa. Kadi nzuri ya CF na adapta vinatosha kuirudisha mashine kazini.

Diski ya kujitengenezea ni kitu gani hasa?

Ni vitu viwili tu: kadi ya CompactFlash, ile ya mraba iliyokuwa ikitumika kwenye kamera kubwa za wapiga picha, na kibao kidogo cha adapta. SanDisk waliileta CF mwaka 1994 na kuifundisha kuzungumza lugha ya IDE, lugha ileile ya diski za zamani. Kwa sababu hiyo adapta haina kazi ya kutafsiri. Ni nyaya zinazopeleka pini 50 za kadi kwenye pini 44 za laptopu, pamoja na jampa moja au mbili (vibanio vidogo vya kuunganisha pini ili kuchagua mpangilio). Hakuna dereva wa kusakinisha, na laptopu huiona kadi kama diski ya kawaida.

Nitajuaje kama laptopu yangu inafaa?

Itoe diski uangalie mdomo wake. Ukiona safu mbili za pini nyembamba, 44 kwa jumla, hiyo ni IDE ya inchi 2.5 na majibu haya ni yako. Ukiona vipande viwili bapa vya plastiki vyenye mistari ya dhahabu, kimoja cha mistari 7 na kingine 15, hiyo ni SATA. Mwenye SATA asijisumbue na kadi, anunue SSD (diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka) ya kawaida ya inchi 2.5.

Laptopu ndogo zina mambo yake. ThinkPad X40 ina diski ya inchi 1.8 ya Hitachi yenye pini 44 zilezile, kwa hiyo adapta ya kawaida ya CF inaingia ilimradi iwe fupi. Nyingine za inchi 1.8 zina mdomo wa utepe au wa pini 50, na hizo zinahitaji adapta ya aina yake. Usilazimishe.

Ninunue adapta ipi?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu adapta nyingi zinafanana kwa macho. Angalia mambo manne.

La kwanza, idadi ya pini. Adapta ya kompyuta ya mezani ina pini 40 zilizoachana milimita 2.54. Ya laptopu ina 44 zilizoachana milimita 2. Zile nne za ziada ndizo zinazoleta umeme wa volti 5.

La pili, jinsia ya mdomo. Diski ya laptopu ina pini zilizochomoza na upande wa laptopu una matundu. Unahitaji adapta yenye pini zilizochomoza. Zipo zenye matundu, zilizokusudiwa kebo au mashine za viwandani, na ukifika nyumbani na hiyo utarudi dukani.

La tatu, nyaya za DMA. DMA ni njia ya kupitisha data moja kwa moja hadi kwenye RAM bila prosesa kubeba kila kipande. Adapta za zamani au za bei ya chini kabisa hazikuunganisha pini 43 na 44 za upande wa kadi, ambazo ndizo za DMA. Kadi inasema "naweza DMA", laptopu inaomba DMA, jibu halifiki, na mashine inaganda wakati wa kuwaka. Ukiwa na mita, pima mwendelezo: pini 43 ya kadi ifike pini 21 ya IDE, na pini 44 ya kadi ifike pini 29. Kama kuna kipingamizi kidogo katikati, mita ikaonyesha omu chache badala ya sifuri, si tatizo.

La nne, jampa ya kuchagua "master" au "slave" (diski ya kwanza au ya pili kwenye njia moja), na kwenye baadhi ya adapta jampa ya volti 3.3 au 5. Kadi ya CF inakubali zote mbili. Kwenye laptopu ya pini 44 iache kwenye 5, maana volti 3.3 hazipo kwenye mdomo huo.

Na kadi ipi?

Usifuate ukubwa kwanza. Kadi ya GB 16 au 32 iliyo nzuri inaifaa mashine hii kuliko GB 128 ya jina lisilojulikana. Mfumo mwepesi wa Linux hutumia GB 4 hadi 8, nafasi iliyobaki ni ya kazi zako.

Ile namba yenye "x" kwenye kadi inahesabiwa kwa KB 150 kwa sekunde. Kadi ya 133x ni kama MB 20 kwa sekunde, 400x ni MB 60. Hiyo ni kasi ya kusoma faili kubwa lililonyooka, jambo analolitaka mpiga picha. Mfumo endeshi hufanya kitu tofauti: huandika vipande vidogo vya KB 4 huku na kule, na hapo kadi za kamera hutofautiana sana. Kadi zinazouzwa kwa matumizi ya viwandani ni ghali, ila zimetengenezwa kwa kazi hii hasa na nyingi hujitambulisha kama diski ya kudumu, si kitu cha kuchomoka. Kama unaweza kuipata, hata ya GB 8, ichukue.

Kuhusu vikomo vya BIOS, programu ya ubao mkuu inayoiamsha mashine: mashine nyingi za kabla ya 1998 hukwama GB 8.4, baadhi za kabla ya 2000 hukwama karibu na GB 33, na nyingi za baada ya hapo hukwama GB 137. Kwa kadi ya GB 16 au 32 kwenye laptopu ya 2003 huna la kuogopa.

Nitaepukaje kadi feki?

Kadi feki huandikwa GB 64 ilhali ndani kuna 8. Inapokea faili zote bila kulalamika, kisha inaandika mpya juu ya zilizotangulia. Ukubwa unaoonekana kwenye skrini hauthibitishi kitu. Lazima kadi ijazwe yote na kusomwa upya.

Kwenye Linux tumia F3:

f3write /media/kadi
f3read /media/kadi

Kwenye Windows tumia H2testw. Kadi ya GB 32 inayoandika MB 20 kwa sekunde hujazwa kwa dakika 27 hivi, na kuisoma upya ni muda kama huo au pungufu. Hakuna muuza duka wa mtaa wa Aggrey atakayekungoja muda huo mbele ya kaunta, kwa hiyo kabla ya kulipa kubaliana naye kwamba utarudisha kesho ikishindwa jaribio, na akuandikie kwenye risiti. Asiyekubali sharti hilo, nenda duka la pili.

Naweza kutumia memori kadi ya simu?

Inawezekana kupitia adapta ya SD kwenda IDE. Adapta hiyo ina chipu ya kutafsiri, maana SD haijui IDE. Nyingi huiwasilisha kadi kama diski ya kudumu, jambo linaloondoa matatizo ya Windows yanayoelezwa chini. Lakini kasi ya njia ya kawaida ya SD ni MB 25 kwa sekunde, na memori kadi nyingi hazikutengenezwa kuandikwa mfululizo saa nane kwa siku. Ifikirie kwa mashine ya kuandikia barua au ya kucheza muziki dukani. Kwa ofisi, hapana.

Kwa nini nisifunge mSATA badala ya CF?

Kwa laptopu ya inchi 2.5 yenye nafasi ya milimita 9.5, mSATA (SSD ndogo ya umbo la kadi) kwenye adapta ya IDE mara nyingi ni chaguo bora zaidi: ina kasi, inaandika vipande vidogo vizuri, na Windows huiona kama diski halisi. Tunaisema wazi hata kama ukurasa huu ni wa CF. Ila inahitaji chipu ya kutafsiri SATA kwenda IDE, na zipo laptopu zisizoelewana nayo. Inakula umeme zaidi ya CF, inapata joto, na haingii kwenye X40 bila adapta fupi maalumu.

Usichanganye mSATA na M.2. mSATA kamili ina upana wa milimita 30 na urefu wa 51. M.2 ni nyembamba zaidi, na ile ya NVMe haitafanya kazi kabisa kwenye adapta hizi.

Ninahitaji nini mezani?

Bisibisi ndogo ya nyota, adapta, kadi, kisomea kadi cha USB, fleshi ya GB 4 au zaidi, spiriti ya asilimia 90 au zaidi na vijiti vya pamba, na kipande cha plastiki ngumu. Kifuniko cha faili la plastiki la ofisini kinatosha. Ukitaka kunakili data za diski ya zamani, ongeza kebo ya USB kwenda IDE.

Hatua za kufunga ni zipi?

Nakili data zako kwanza, kabla ya bisibisi kugusa kitu. Diski inayogonga ina uwashaji wa kuhesabika, na usiupoteze kwa majaribio.

Zima mashine, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika kadi. Unyevu wa Dar hupunguza umeme tuli, lakini ofisi yenye kiyoyozi siku nzima ina hewa kavu na hatari inarudi.

Toa diski pamoja na fremu yake. Piga picha ya jinsi ilivyokaa, upande wa lebo ukionekana, kisha fungua skurubu za fremu.

Sasa kata plastiki ifunike sakafu ya fremu. Nyuma ya adapta kuna ncha za risasi zilizochomoza, na fremu ni ya chuma; vikigusana ni shoti. Usitumie selotepu peke yake, maana gundi yake hulainika kwa joto na tepu huteleza.

Bandika adapta juu ya plastiki kwa gundi ya povu ya pande mbili, mdomo ukiwa pale ulipokuwa mdomo wa diski. Kimo ndicho kinachosumbua: milimita moja juu au chini na pini hazitakutana na matundu. Ukitaka kazi ya kudumu, mwambie fundi mabango akukatie pespeksi ya milimita 100 kwa 70, utoboe matundu ya skurubu za M3 yaliyoachana milimita 61.7 kwa upana na 76.6 kwa urefu. Hivyo ndivyo vipimo vya matundu ya chini ya diski ya inchi 2.5.

Ingiza kadi, rudisha fremu, sukuma taratibu bila nguvu, washa na uingie BIOS.

Nitajuaje pini 1 iko wapi?

Kwenye diski ya zamani, tazama mdomo: kuna pini 44, kisha pengo, kisha pini nne za jampa. Pini 1 iko upande wa pengo hilo. Kwenye adapta, imeandikwa 1 au doa la risasi la pini hiyo ni la mraba wakati mengine ni ya duara. Pini 20 kwa kawaida haipo, na tundu lake kwenye laptopu huzibwa ili usikosee, ila zipo laptopu zenye tundu wazi.

Ukiigeuza, volti 5 za pini 41 na 42 zinaingia kwenye pini 4 na 3, ambazo ni nyaya za data. Kadi hufa, na wakati mwingine huondoka na chipu ya ubao mkuu. Ukiisogeza safu moja pembeni matokeo ni mabaya vilevile. Tumia tochi, angalia pande zote mbili, ndipo usukume.

BIOS haioni chochote. Nianzie wapi?

Jampa. Weka "master". Kama DVD iko kwenye njia moja na diski na zote mbili ni "master", zote hupotea pamoja. Ikiwa jampa iko sawa, toa kadi na uangalie soketi ya adapta kwa tochi: pini za soketi ya CF ni nyembamba na hupinda mtu akiingiza kadi kwa pembe. Kisha jaribu kadi nyingine kabla ya kulaumu adapta.

ThinkPad T43 huonyesha onyo la 2010 kuhusu diski isiyotambulika. Bonyeza Esc, itaendelea.

BIOS inaiona, lakini mfumo unaganda wakati wa kuwaka.

Hiyo ni DMA, karibu kila mara. Kwenye menyu ya GRUB, kiwashio cha Linux, bonyeza e, na mwishoni mwa mstari wa linux ongeza:

libata.dma=3

Hapo keneli, kiini cha Linux, itatumia DMA kwa diski na CD ila si kwa CF. Mashine itawaka, lakini polepole, maana PIO4, njia ya zamani isiyo na DMA, haivuki MB 16.7 kwa sekunde na prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Itumie kuthibitisha ugonjwa, kisha ubadilishe adapta.

Ukiona kwenye dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli) maneno "limited to UDMA/33 due to 40-wire cable", keneli imeipunguza kasi ya DMA hadi MB 33 kwa sekunde ikidhani una kebo ndefu ya kizamani. Laptopu ina njia fupi, hivyo ongeza libata.force=short40c uone kama kasi inapanda bila makosa. Makosa yakianza kujaa dmesg, rudi kwenye 33.

Inawaka hadi kistari kinachopepesa, basi.

Patisheni zilitengenezwa kupitia kisomea kadi cha USB, na BIOS ya zamani inaihesabu kadi kwa namna nyingine. Futa jedwali la patisheni na ulitengeneze upya kadi ikiwa ndani ya laptopu yenyewe. Tumia jedwali la aina ya MBR, patisheni ya kwanza ianze sekta ya 2048. Kama ulisakinisha ukitumia kompyuta mpya, hakikisha iliwaka kwa njia ya BIOS ya kizamani na si UEFI, na kwamba /etc/fstab inatumia UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) badala ya /dev/sdb1.

Niweke mfumo gani?

Laptopu hizi nyingi ni za biti 32. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi cha biti 32. Debian 13 ya 2025 haina. antiX ni nyepesi zaidi na inafaa mashine yenye MB 512 za RAM. Kwenye Pentium M za mwanzo, kisakinishi kikilalamika kuhusu PAE (uwezo wa prosesa kufikia RAM kubwa), ongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia. Prosesa inaiweza PAE, haijitangazi tu.

Na Windows XP?

Kadi nyingi za kamera hujitambulisha kama kitu cha kuchomoka, na XP huzibagua: huona patisheni moja tu na hukataa kuweka humo faili la kumbukumbu pepe. Kuangalia, washa laptopu kwa Linux ya kwenye fleshi na uandike:

cat /sys/block/sda/removable

Jibu 0 ni diski ya kudumu, 1 ni ya kuchomoka. Fanya hivi kadi ikiwa kwenye adapta ya IDE, kwani kisomea cha USB hutoa jibu lake chenyewe. Kumbuka pia kwamba Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Kama mashine inaendesha programu ya zamani ya duka au ya kupimia, iache bila intaneti.

Nibadilishe nini ili kadi isichakae mapema?

Lengo ni kuandika kidogo. Kwenye /etc/fstab ongeza noatime, ili kusoma faili kusisababishe kuandika, na upeleke /tmp kwenye RAM:

UUID=xxxx / ext4 noatime,commit=60 0 1
tmpfs /tmp tmpfs size=128M,mode=1777 0 0

Usitengeneze patisheni ya swap (RAM ya ziada ya kwenye diski) kwenye kadi. Sakinisha zram-tools, itabana sehemu ya RAM itumike badala yake. Kwenye kivinjari punguza akiba ya diski au uipeleke /tmp. Wakati wa kugawa kadi, acha asilimia 10 hadi 20 bila patisheni, ili chipu ya kadi ipate mahali pa kupumulia, maana TRIM, amri ya kuiambia diski maeneo yaliyoachwa wazi, kwa kawaida haipo kwenye CF.

Kuna ushauri unaozunguka wa kuzima daftari la ndani la ext4, lile linaloandika mabadiliko kabla hayajafanyika. Ni kweli linaongeza uandishi. Lakini laptopu ya umri huu mara nyingi betri yake imekufa na inaishi kwa chaja peke yake, na umeme ukikatika katikati ya kazi inazimika papo hapo. Bila daftari hilo, mfumo wa faili unaweza kuharibika kiasi cha kutowaka. Liache. Na ile commit=60 maana yake unaweza kupoteza hadi dakika nzima ya kazi umeme ukikatika; kama betri haishiki chaji, iondoe.

Mashine inaganda sekunde tano, kisha inaendelea. Kwa nini?

Kadi inaandika vipande vidogo na imezidiwa. Chipu yake inalazimika kufuta eneo kubwa ili kubadilisha KB 4. Hali huwa mbaya zaidi patisheni ikianza sekta ya 63, kama XP inavyofanya, kwa kuwa kila kipande hukanyaga maeneo mawili. Anza na sekta ya 2048, punguza uandishi kama ilivyoelezwa hapo juu, na ikiendelea basi kadi ndiyo dhaifu.

Betri itakaa zaidi?

Kidogo. Diski ya zamani inayosoma hutumia wati 2 hivi, CF huwa chini ya nusu wati. Kwenye laptopu inayotumia wati 15 faida ni kama asilimia 10. Utakachokihisi zaidi ni ukimya, kiganja kisichopata joto, na programu kufunguka haraka, kwa sababu diski ya mizunguko 4200 husubiri wastani wa milisekunde 7 kwa mzunguko peke yake, bila kuhesabu safari ya kichwa chake. Kurasa za intaneti hazitabadilika sana, huko tatizo ni prosesa.

Hewa ya bahari inaathiri?

Ndiyo, hasa Kigamboni, Msasani na kokote madirisha yanakotazama maji. Chumvi na unyevu huleta ukungu wa kijani kwenye pini, na dalili yake ni diski kupotea leo na kuonekana kesho. Kila miezi sita chomoa kadi, futa pini za adapta kwa spiriti na uziache zikauke kabisa. Usitumie mafuta ya taa wala petroli, huacha utando. Kadi ikiwa haitumiki, ihifadhi kwenye kopo linalofunga pamoja na kifuko kidogo cha silika kinachokuja na viatu vipya.

Nikimpelekea fundi, nimwambie nini?

Mwambie: "Fundi, hii ni IDE ya pini 44, nataka CF iwe master, adapta yenye DMA, na chini iwekewe plastiki." Kabla ya kuondoka, mwombe awashe mbele yako na aandike dmesg | grep configured. Ukiona "configured for UDMA/33" au zaidi, mlipe. Ukiona PIO4, adapta bado si sahihi.